Siku tisa kwa Wamaya, kutafuta roho inakaa wapi

Nimerudi Houston wiki mbili zimepita, kifundo cha mguu bado kinanikumbusha safari, na kwenye grupu watu wameniuliza sana nilifuata nini Mexico kusini badala ya kwenda Cancún kuota jua kama wenzangu. Basi nimekaa na kidaftari na picha za simu nikaandika yote mara moja, nisije kurudia rudia kwa kila mtu.

Jibu fupi ni kwamba nilifuata roho. Usicheke. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na usiku ule mrefu huwa nasikiliza mihadhara ya historia, ndo nikaangukia Wamaya wa kale, wenyeji wa Mexico kusini na Guatemala. Mapiramidi na kalenda kila mtu anajua, kilichonikamata mimi ni kwamba kwao mtu hana roho moja iliyofungiwa kifuani. Anazo kadhaa, kuna ya pumzi, kuna ya kwenye damu, na kuna inayotembea porini kwa miguu minne. Bibi yangu Pangani alikuwa anatukataza kumshtua mtu aliyelala, anasema roho yake iko matembezini, ukimwamsha ghafla itakosa njia. Sasa nisikie watu wa upande wa pili wa dunia walikuwa na habari za jamii hiyo hiyo miaka 1,300 iliyopita, na wakazichonga mpaka kwenye mawe, ningetulia vipi?

Siku ya 1, 24 Oktoba. Houston mpaka San Cristóbal de las Casas

Ndege mbili, ya pili ikashuka Tuxtla. Kwa wenye pasi ya Tanzania: ukiwa na viza hai ya Marekani au ukazi wa kudumu, viza ya Mexico huombi, ila beba karatasi zako mkononi usiziweke kwenye begi la chini, mimi niliulizwa mara mbili.

Kutoka Tuxtla teksi ya kuchangia inapanda milima saa moja hivi. San Cristóbal iko mita 2,200 juu na mimi nimekuja na shati la mikono mifupi kama naenda kupunga upepo Raskazone. Nilitetemeka mpaka sokoni, nikanunua sweta la sufu peso 250 (dola moja ilikuwa inanipa peso 18 hivi). Mama muuzaji akanivalisha mwenyewe, akanifunga vifungo vyote mpaka shingoni kama mtoto wa shule.

Siku ya 2, 25 Oktoba. Chamula na Zinacantán

Hiace zinatoka jirani na soko, kama daladala kabisa, zinajaa ndo zinaondoka. Nusu saa tu uko San Juan Chamula. Hawa ni Wamaya wa kabila la Tzotzil. Kanisani tiketi unakata kwanza ofisini pale uwanjani, na kupiga picha ndani ni marufuku, si marufuku ya kubembelezana, ni marufuku kweli. Simu niliizima nikaizika chini ya begi.

Ndani hamna benchi hata moja. Sakafu yote imetandikwa majani ya misonobari, mishumaa imesimamishwa chini kwa nta yake yenyewe, mamia, na moshi wa ubani wao ambao nilivyouvuta tu nikajua, huu ni ndugu wa sandarusi. Watakatifu wamepangwa kwenye makabati ya vioo, wengine wamevalishwa vioo kifuani. Nilisimama pembeni ya familia moja. Mganga ni mama wa makamo, mgonjwa kijana wa miaka ishirini hivi amekaa chini kichwa kimeinama. Yule mama kamshika mkono pale kwenye mshipa, kafumba macho, katulia muda mrefu. Afu akampitisha yai mwilini kuanzia kichwani, huku anaongea, haombi kwa unyonge, anaongea kama mtu anayedai. Kuku alikuwepo kwenye kikapu. Sitasimulia mwisho wa kuku.

Aliyenitembeza, kijana wa palepale, akanieleza tukiwa nje. Mganga pale kwenye mshipa alikuwa anasikiliza damu. Damu inasema, inataja roho ya mtu imeangukia wapi. Roho wanaiita ch'ulel, inakaa moyoni na inapita na damu, inatoka mtu akiota, akishtuka, akianguka. Zinacantán, kijiji cha jirani, wanasema hiyo roho moja ina vipande 13, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza viwili vitatu akaendelea kutembea, ila anakonda, hali, halali vizuri, mpaka viitwe virudi. Evon Vogt, mwanaanthropolojia wa Harvard, alianza utafiti pale mwaka 1957 na aliandika sana hayo mambo.

Halafu kuna chanul. Siku unayozaliwa, kuna mnyama naye kazaliwa, na roho mnagawana. Wanyama wa watu wote wa Zinacantán wanafugwa ndani ya mlima mmoja mkubwa unaoonekana toka kijijini, mababu ndo wanawalisha na kuwanywesha. Ukikosa adabu, mababu wanafungua zizi, mnyama wako anatoka kutangatanga, na yeye akiumia porini huku wewe unaumwa. Nilimuuliza yule kijana, we mnyama wako nani? Akanicheka, akasema hilo si swali la kuuliza mtu mliyekutana asubuhi.

Zinacantán tulikaa jikoni kwa mama mmoja anayefuma, tukala chapati za mahindi za moto na maharage na unga wa mbegu za maboga. Bei hana, unaweka unachojisikia, niliacha peso 100.

Siku ya 3, 26 Oktoba. Barabara ya Palenque

Palenque ni magofu ya mji wa kale wa Wamaya, ndo nilikokuwa naelekea. Muulize dereva kabla hujalipa: unapita Ocosingo au unazunguka Villahermosa? Ya Ocosingo ni fupi lakini wanakijiji huwa wanaifunga, na usiku haipitwi. Ya kuzunguka ni kama saa tisa. Mimi niliambiwa fupi, saa tano. Tukakuta kamba imetandazwa njiani na ubao wa misumari, tukakaa saa tatu na nusu juani, mwisho kila abiria katoa peso 50.

Ila pale pale ndo nilipata somo ambalo sikulilipia. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alikuwa na donge la unga wa mahindi limefungwa kwenye jani la mgomba, akalimenya kipande, akakikoroga na maji kwenye kikombe cha plastiki kwa vidole vyake, akanipa. Pozol wanaita. Ladha yake, fikiria togwa ambayo bado haijaamua kuwa togwa. Akaonyesha kikombe, afu akanifinya mkono, nyama ya mkono, afu kikombe tena. Nikaelewa. Wamaya wa K'iche' wa Guatemala wana simulizi yao kuu, Popol Vuh, kwamba miungu ilijaribu kuumba mtu kwa udongo akalowa akamong'onyoka, ikajaribu kwa mti akawa hana moyo wala damu wala kumbukumbu ya aliyemuumba, mwisho bibi Xmucane akasaga mahindi ya njano na meupe mara tisa, na huo unga ndo ukawa mwili wetu. Sisi walaji wa ugali sidhani kama tuna ubishi hapo.

Siku ya 4, 27 Oktoba. Palenque

Nililala kwenye vibanda porini karibu na geti, peso 400, feni inafanya kazi inapotaka. Saa kumi alfajiri nyani wakaanza kunguruma, na hao nyani wa kule hawalii kama nyani, wananguruma kama simba mwenye kikohozi. Nikakaa kitandani nawaza habari za way.

Way ni neno lililochongwa kwenye maandishi ya Wamaya wa kale, alama yake ni uso wa mfalme ambao nusu umefunikwa ngozi ya jagwa, yaani chui wa kwao. Mwaka 1989 wasomi wawili wa maandishi hayo, Stephen Houston na David Stuart, wakaisoma, na asili ya neno ni kulala, kuota. Kwenye vyombo vya udongo hao way wanachorwa kila mmoja na jina lake na mji wa mfalme wake: jagwa anayeungua moto, mifupa inayocheza, nyoka mwenye masikio ya paa. Mwanzoni wakasema ni yule yule mnyama wa roho kama wa Zinacantán. Baadaye Stuart akasema hapana, hawa wengi wanafanana zaidi na maradhi na uchawi, nguvu ambazo mfalme anazimiliki na kuzituma. Wasomi walihitaji karatasi nyingi kufika hapo. Mtu wa Tanga ukimwambia "jini la kutumwa" kashaelewa, anauliza tu la nani.

Palenque unalipa mara mbili, geti la hifadhi na geti la magofu, na wote wanapenda keshi. Fika saa mbili asubuhi kabla ya mabasi.

Hekalu la Maandishi hupandi siku hizi, unalitazama kutoka chini, na kaburi lenyewe limefungwa. Ila hadithi yake ndo iliyonileta. Mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier aliona kwenye sakafu ya juu bamba la jiwe lenye matundu yaliyozibwa kwa vizibo vya mawe. Akalinyanyua, akakuta ngazi imejazwa kifusi. Kuanzia 1949 mpaka 1952 walikuwa wanatoa kifusi tu. Chini kabisa wakamkuta K'inich Janaab' Pakal, aliyezaliwa 603, akawa mfalme 615 akiwa na miaka 12, akafa 683. Na pembeni ya zile ngazi, kutoka kwenye jeneza la jiwe mpaka juu hekaluni, unapanda mfereji mdogo umejengwa kwa vibamba, mtupu ndani. Yaani ngazi wameziba kwa mawe mtu asipite, lakini pumzi wameachia njia. Nilipoujua huo mfereji nilisimamisha forklifti.

Pumzi ndo neno hasa. Mfalme akifa walikuwa wanaandika kwamba pumzi yake nyeupe, pumzi ya ua, imekwisha. Au wanaandika och bih, ameingia njiani, na ndivyo walivyoandika kwa Pakal. Sisi tunasema ametangulia, si ndo njia hiyo hiyo? Na kinywani mwake aliwekewa shanga ya jade, lile jiwe la kijani. Las Casas, askofu wa Kihispania, aliandika kwamba mabwana wa Kimaya wakikaribia kukata roho waliwekewa jiwe la thamani mdomoni lidake roho inapotoka. Landa, askofu mwingine wa Kihispania huko Yucatán, yeye kaandika waliwajaza na unga wa mahindi, wasilale njaa huko waendako.

Usiache jumba la makumbusho, liko kilometa moja na nusu chini ya magofu na watu wengi wanalipita (ulizia siku wanayofunga). Kuna nakala ya jeneza kamili. Kifuniko ni karibu mita 3.8 kwa 2.2, na wale wanaosema Pakal pale anaendesha roketi wangeangalia ubavuni mwa jeneza: wazazi na mababu zake wanachomoza ardhini kila mmoja na mti wake wa matunda nyuma, kakao, parachichi, pera. Wamepandwa, wameota. Mama yake, Sak K'uk', ndo wa kakao. Nilizunguka mara nne mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Na vile vichwa! Paji limelala nyuma kama gunzi la mahindi. Mtoto mchanga alikuwa anabanwa kichwa kwa vibao viwili, ukubwani meno yanachongwa na kupachikwa jade. Mtalii mmoja pembeni yangu akaguna. Mimi nikakumbuka Wamangbetu wa Congo waliokuwa wakifunga vichwa vya watoto virefuke, na wazee wa Kimakonde waliochonga meno. Kwao mwili mtu anazaliwa nao kama unga, kuukanda ni kazi ya wazazi.

Siku ya 5, 28 Oktoba. Yaxchilán

Yaxchilán ni mji mwingine wa kale wa Wamaya. Saa kumi na moja alfajiri tukaondoka, saa tatu hivi mpaka Frontera Corozal, hapo unachukua boti ya injini kwenye mto Usumacinta, upande wa pili ni Guatemala. Boti inakodishwa nzima, kwa hiyo tafuta wenzako, sisi tulikuwa sita tukachangia peso 300 kila mtu. Kwenda dakika arobaini na tano unateremka na mto, kurudi ni zaidi. Chakula huko hakuna, beba maji.

Nililotaka kuona halipo. Ni bamba la juu ya mlango wa nyumba ya malkia K'abal Xook, linamwonyesha mwaka 709 akipitisha kamba ya miiba kwenye ulimi wake, mumewe amemshikia mwenge. Liko London. Lakini nilisimama mlangoni mwenyewe. Damu ile ilidondokea karatasi, karatasi ikachomwa, na kwenye moshi mababu wakatokea. Kama roho iko kwenye damu, basi huyo mama alikuwa anatoa kitu kikubwa kuliko maumivu.

Sasa aibu yangu. Kuingia mjini unapita jengo wanaloita El Laberinto, giza, popo, ngazi zinateleza. Wakati wa kurudi nikakanyaga hewa nikaenda chini matako kwanza, kifundo kikapinda. Nikainuka nikasema niko sawa. Kijana wa boti, Mmaya wa kabila la Chol kutoka Frontera, akaniangalia akakataa. Akanirudisha palepale gizani, akavunja kijitawi cha majani, akapigapiga sakafu nilipoangukia na kuniambia nijiite jina langu mara tatu na niseme twende. Wale watalii watano wanatazama. Nikajiita. Kwa Kiswahili nikajiambia "haya twende nyumbani", sijui kwanini lakini sauti ilinitetemeka.

Tulivyofika Frontera akanipeleka kwa mama yake, anapika kwenye kibanda cha bandarini. Mama akanipaka majani, nikanusa nikashtuka, ni mrehani, jamii ya kivumbasi chetu! Kabla sijasema neno akanywa funda la pombe kali akanipulizia usoni na shingoni pwaaa. Haikuingia mdomoni, kwa hiyo sihesabu. Samaki wa kukaanga peso 120, matibabu alikataa hela.

Siku ya 6, 29 Oktoba. Basi mpaka Campeche, saa tano, nililala njia nzima mguu juu ya begi.

Siku ya 7, 30 Oktoba. Pomuch

Kutoka Campeche hiace za kuelekea kaskazini, saa moja. Pomuch ni kijiji kinachojulikana kwa mikate na kwa mifupa. Nianze na mkate: nunua ule uliojazwa jibini, wa moto.

Makaburini, maiti inakaa miaka mitatu, afu familia inaitoa, mifupa inawekwa kwenye sanduku la mbao lisilofungwa, linakaa kwenye kijichumba kama kabati. Kila mwaka siku za mwisho za Oktoba wanakuja kuisafisha. Mzee mmoja kanikuta nimesimama kama mwizi, akanisogezea ndoo nikalie. Alikuwa na mkewe. Akatoa mfupa mmoja mmoja, midogo ya vidole kwanza, anaifuta kwa brashi laini kama ya rangi, vumbi linadondokea kwenye gazeti, anaipanga. Fuvu la mwisho. Bado lilikuwa na nywele kidogo upande mmoja, akazilaza kwa kidole gumba, kwa ule mtindo ambao nadhani mkewe alikuwa akizilaza alipokuwa hai. Kitambaa cha mwaka jana akakikunja, akatandika kipya kilichotariziwa maua na jina lake. Ndo nguo yake mpya ya mwaka, akasema, usipombadilishia anakasirika na anazunguka mitaani.

Mimi nimekulia kwa watu ambao maiti inazikwa kabla jua halijazama na kaburi halifukuliwi. Tumbo lilinikaza, sidanganyi. Nikasoma Fatiha kimoyomoyo, yeye akadhani namsalimia mkewe, akafurahi.

Picha: omba kila familia peke yake. Niliyopiga ni moja, ya kitambaa.

Siku ya 8 na 9, 31 Oktoba na 1 Novemba. Mérida

Kwa Kiyucatec, lugha ya Wamaya wa huku, wanasalimiana "bix a beel?", njia yako ikoje. Mama mwenye nyumba niliyopanga chumba alinifundisha, na jibu pia: ki'imak in wóol, óol yangu ina furaha. Óol ni moyo, ari, hamu ya kuishi, vyote kwa pamoja, ila roho inayobaki mtu akishakufa ni nyingine, hiyo ni pixan. Aliona nachechemea na nimebeba begi upande mmoja, akaita jirani anayekanda. Yule bibi mguu hakuugusa! Akanilaza, akanibonyeza chini ya kitovu mpaka nikasikia kinadunda, akasema tip'te' yako imehama. Ni kiini cha mwili, kinachopanga vingine vyote, ukibeba mzigo vibaya kinatoka mahali pake. Akakisukuma dakika ishirini. Nilimpa peso 200 na usiku huo nikalala kama gunia.

Huyo bibi ndo alinisimulia pia kwamba mtoto anapopakatwa kiunoni mara ya kwanza kuna sherehe, wa kike akifika miezi mitatu, wa kiume minne. Kwanini tatu? Akanichorea duara tatu hewani: mawe ya jikoni. Mafiga! Na minne ni pembe nne za shamba.

Hizi ndo siku za wafu: tarehe 31 wanarudi watoto waliokufa, tarehe 1 wakubwa. Mbwa wa nyumba kafungwa asiwatishe, watoto hai wamefungwa uzi mwekundu mkononi wasichukuliwe. Chakula kikuu ni pib, mkate mnene wa mahindi wenye kuku ndani, umefungwa majani ya mgomba na kufukiwa shimoni juu ya mawe ya moto. Kama huli nguruwe, uliza mafuta, kawaida wanaweka ya nguruwe. Mimi sikuuliza, niliona tu mama kanitengenezea kidogo pembeni kwa mafuta ya mahindi, kakifunga kamba nyekundu kisichanganywe na vingine.

Nacho kikawekwa mezani kwa wafu pamoja na vingine, mishumaa ikawashwa, tukasubiri. Wanasema roho zikishakula, chakula kinabaki lakini utamu wake umeondoka. Saa mbili usiku mama akanikatia kipande, akaniangalia ninavyotafuna, akauliza si unaona, hakina ladha tena? Nikamwambia ni kweli mama. Afu nikaomba kingine.